Kutazama Mbali Ni Kupumzika

Ukisimama Kimihurura baada ya Alasiri na kuelekea magharibi, unaona ng'ambo ya bonde majengo ya Nyarugenge, na nyuma yake Mlima Kigali. Macho hutulia. Nilidhani utulivu ule unaletwa na uzuri wa mlima tu, mpaka niliposoma jinsi jicho linavyofanya kazi.

Ndani ya jicho mna lenzi laini iliyoshikwa na nyuzi nyembamba, na kuizunguka mna msuli. Ukitazama kitu kilicho mbali, tangu kama mita 6 hivi, msuli hulegea, nyuzi hukaza, lenzi huwa bapa. Ukiteremsha macho kusoma simu, msuli ndio unaokaza. Nyuzi hulegea na lenzi hutuna. Kazi, basi, iko karibu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza miaka elfu iliyopita kwamba tunaona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuingia jichoni, lakini habari ya lenzi kubadili umbo ilisubiri majaribio ya Thomas Young wa Uingereza mwaka 1801. Na jicho haliwezi yote mawili kwa pamoja: inua kidole mbele ya mlima, mmojawapo utafifia.

Hili limenisumbua, kwa sababu sisi wa darsa tunapenda kuhimizana tutazame mbali, yaani akhera. Ni haki. Surat al-Qiyama inawalaumu wanaopenda ya haraka wakaiacha akhera.

Lakini darsani kwetu alikuwapo mzee mmoja. Zamu yake ya kusoma ikikaribia, huaga, ana shughuli. Tulisema hana hima. Na mimi nilisema. Siku moja nikakaa ubavuni pake, nikamwona ameushika msahafu kwa mkono ulionyooka wote, kichwa amekirudisha nyuma.

"Mzee, unaona?"

Akacheka. "Mwanangu, macho ninayo, mkono ndio mfupi."

Lenzi hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na baada ya miaka 40 karibu kila mtu hupatwa. Katika vituo vya afya nchini mwetu manesi wamefundishwa kupima macho na kutoa miwani ya kusomea. Dawa ilikuwa mwendo wa mguu. Mzee aliona haya kusema, nasi hatukuuliza.

Je, tulikosa? Wapo watakaosema asiyejua hana lawama. Mimi siridhiki na jibu hilo. Hatukujua kwa sababu hatukukaza msuli. Kuipima imani ya mtu kutoka mbali hakukutugharimu kitu. Na tusichanganye: dunia ya haraka inayolaumiwa si jirani yako. Surat al-Ma'un inawaonya wanaoswali kisha wakazuia vitu vidogo vya kusaidiana. Miwani ni kitu kidogo. Swali la "unaona?" ni dogo zaidi.

Sisemi tuache kutazama mbali. Hata madaktari humshauri anayesoma saa nyingi ainue macho kila baada ya muda. Ninachokataa ni kupumzika huko kukaitwa jitihada.

Mzee sasa anasoma zamu yake. Juzi alinisimamisha katikati ya aya: nilikuwa nimeruka madda.