Je, Mkimbizi Apande Maua?



Jumapili moja, tukitoka ibadani, tulibishana. Mama mmoja alikuwa amepanda maua mekundu mlangoni pake. Baba jirani akamwuliza: "Mama, umesahau kwetu? Maua tunakula?" Tulicheka, lakini swali lile limebaki nasi.

Tulivuka mpaka kutoka Kongo mwaka 2017, na kuanzia 2018 tukatolewa Kenani tukaletwa hapa Mantapala. Tulipofyeka mahali pa nyumba na mihogo, tuliangusha kila mti. Mingine tulichoma makala. Hatumhukumu aliyeuza makala ili watoto wale. Lakini tulikata hata miti isiyotuzuia, kwa sababu tulisema: hapa si kwetu, tunapita tu. Hapo ndipo tulipokosea.

Wayahudi waliopelekwa Babeli waliletewa barua na Yeremia (sura ya 29). Waliambiwa wajenge, wapande bustani, wauombee amani mji ule. Barua hiyohiyo iliwaahidi kurudi kwao baada ya miaka 70. Basi kupanda si kusahau nyumbani.

Tutazame miti. Ulaya, mwezi wa kumi, majani huwa mekundu na ya manjano, kisha huanguka. Kwao wekundu ni kuaga. Kwetu, kandokando ya Mweru, mwezi wa tisa na wa kumi, jua likiwa kali na mvua haijanyesha, miombo hutoa majani mapya mekundu, ya rangi ya shaba. Baadaye yanakuwa kijani. Wekundu wetu ni kuzaliwa, na unatangulia mvua.

Tufanyeje basi? Kisiki cha muombo huchipua tena. Tuchague chipukizi moja lenye nguvu, tukate mengine, tulilinde na moto. Tuliache upande wa magharibi wa nyumba, litupe kivuli jioni. Kandokando ya njia tupande lengalenga nyekundu: inapendeza macho na inaingia chunguni. Maua yapate maji tuliyooshea vyombo. Maji ya pampu, wakati jirani bado yuko kwenye foleni, si ya maua. Uzuri unaomnyima mwenzetu kinywaji haumpendezi Mungu.

Yule mama alimjibu jirani hivi: "Baba, siku nitakaporudi, atakayekaa hapa atayakuta." Baba akanyamaza. Juma lililofuata alikuja kuomba mbegu.