Mshale Uliosimama kwenye Kumi na Nne

Mzee mmoja wa pande za Kitale alikuwa na pikapu ya Land Rover, Series IIA ya mwaka wa 1964, aliyoachiwa na babake. Kwenye deshibodi kulikuwa na amita, ile geji ambayo mshale wake hulala katikati, ukaegemea upande mmoja betri inapochaji na upande wa pili inapoliwa. Siku za dainamo geji hiyo haikumsumbua mtu. Dainamo ya Lucas C40 hutoa ampia 22 tu, na waya za enzi hiyo zilitosha kuzibeba.

Dainamo ilipochoka akafungiwa oltaneta ya ampia 60. Waya hazikuguswa. Mshale ukawa unagonga mwisho wa geji kila asubuhi, naye akafurahi akidhani gari limepata nguvu mpya. Kumbe amita hupitisha ndani yake karibu mkondo wote unaoingia na kutoka kwenye betri, isipokuwa ule wa stata. Waya wake hutoka kwenye betri bila fyuzi yoyote, ukaingia hadi nyuma ya deshibodi, na hapo ukafungwa kwa nati jirani kabisa na bati. Mashimo ya barabara huzilegeza nati hizo, na nati iliyolegea huchemka.

Harufu ya mpira kuungua ilipoanza, mzee aliamua kutoa amita na kuweka voltimita. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, nami ningemshauri yeyote mwenye gari kuukuu afanye vivyo hivyo.

"Itasoma vizuri, kijana wangu?" alimuuliza fundi.

"Itasoma, mzee. Hii ni kazi ya dakika kumi."

Hakuna kati yao aliyeuliza mkondo uliokuwa ukipita kwenye amita sasa utapita wapi. Fundi alihamisha waya mbili za amita akazifunga kwenye voltimita, na gari likafa lote, hata taa zikakataa. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Amita imeundwa ili umeme upite. Voltimita imeundwa kuuzuia, ionje kidogo tu na kupima shinikizo lake. Basi akazisokota zile waya mbili pamoja, akazizungushia tepu, na voltimita akaipa waya kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Injini ikawaka, mshale ukasimama kwenye 14. Wakalipana, wakaagana.

Siku ya safari betri iliamka imeisha. Gari likasukumwa hadi likawaka, likapakiwa mahindi ya kupelekwa Bungoma, likaondoka kwa njia ya Kiminini. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Betri tupu hufyonza mkondo mwingi, na oltaneta kubwa iko tayari kuutoa. Mkondo huo wote ulipitia kwenye kile kifundo cha waya zilizosokotwa. Kabla ya kufika Kamukuywa moshi ukatoka chini ya deshibodi, na mshale bado ulionyesha 14, kwa sababu voltimita ilikuwa ikipima upande wa oltaneta. Habari za upande wa betri haikuwa nazo.

Mzee akazima ufunguo. Moshi ukazidi. Tepu ilikuwa imeyeyuka, waya umegusa bati, na waya huo haukuwa chini ya amri ya ufunguo wala ya fyuzi. Tanboi ndiye aliyefungua boneti na kuing'oa tamino ya betri kwa spana. Mahindi yalifika Bungoma kwa lori la mtu mwingine. Pikapu ilivutwa kwa kamba hadi huko, waya zake nyingi za mbele zimeungua.

Fundi wa Bungoma alianza kazi kwenye injini. Alivuta waya mpya, nene, kutoka oltaneta moja kwa moja hadi betri, na karibu na betri akaweka fyuzi ya ampia 80. Waya za zamani za amita alizikata palipoungua, akaziunga kwa kiungio cha kubana na risasi, akazifunika; nazo pia akaziwekea fyuzi upande wa betri. Voltimita akaipa waya mwembamba kupitia ufunguo, wenye fyuzi ya ampia 2, na waya wa pili akaufunga kwenye bodi.

Kisha, injini ikiunguruma na taa zote zikiwa zimewashwa, akapima volti kwenye oltaneta, akapima tena kwenye betri yenyewe. "Mzee, hizi mbili zikiachana kwa zaidi ya nusu volti," akamwambia, "usiondoke hapa."