Ukweli wa Kumpa Mtoto ndani ya Fort Jesus

Kama ukweli unaweza kupunguzwa bila kugeuka uongo ni swali la zamani katika falsafa, nalo huwa la lazima pale mtu mzima anapomwingiza mtoto katika jengo la mtawala wa kigeni. Fort Jesus ya Mombasa inafaa kulipima. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitaliano, chini ya mfalme aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kama gereza. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mtoto haingii getini akiwa na tarehe hizo kichwani. Anaona kuta nene za mawe ya matumbawe, bahari chini yake, na mizinga iliyoelekezwa majini. Wanafunzi waliokuja na sare zao hupanda mizinga hiyo na kupigana vita vyao vya kubuni mpaka mwalimu awashushe. Raha hiyo haina kosa. Uzuri wa mahali ni kweli, kama ulivyo kweli ukatili uliopita hapo, na mtoto anayelazimishwa kununa mbele ya mandhari nzuri anafundishwa unafiki. Kazi huanza anapouliza mizinga ilikuwa ikimpiga nani.

Plato, katika Jamhuri, alitaka hadithi za watoto zichujwe, na aliruhusu uongo wenye faida kwa dola. Rousseau, katika Émile ya mwaka 1762, aliona afadhali historia imsubiri mtoto akue, kwa kuwa akiwa mdogo atakariri maneno asiyoyaelewa. Kati ya hao wawili Rousseau anamheshimu mtoto zaidi: anachelewesha ukweli, haubadilishi. Hata hivyo ushauri wake haufai mbele ya ukuta ambao mtoto ameshauona. Akinyimwa jibu atajijibu mwenyewe, na jibu jepesi kuliko yote ni kwamba mwenye jumba kubwa ndiye aliyekuwa na haki.

Hapa panahitajika kutenganisha vitu viwili ambavyo wazazi na walimu huvichanganya. Kimoja ni ukubwa wa mateso: maradhi, njaa, maiti. Hicho kinaweza kupunguzwa kulingana na umri. Cha pili ni nani alimtenda nani, na kwa kutaka nini. Hicho kikiondolewa, kinachobaki si ukweli wa mtoto wala wa mtu mzima. Mtoto wa miaka saba anaweza kuambiwa kwamba watu walitoka mbali kwa merikebu, wakataka faida ya biashara ya pwani hii iwe yao, na waliowakatalia wakapigwa kwa mizinga. Maneno hayo hayana damu, wala hayana uongo. Kumwambia kwamba wageni walikuja, wakajenga, kisha wakaondoka ni kufupi vilevile, ila kunamficha mtendaji.

Ngome yenyewe ina kisa cha mtoto aliyekulia mikononi mwa watendaji wenyewe. Yusuf bin Hasan alikuwa mwana wa sultani wa Mombasa aliyeuawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Alipelekwa Goa akiwa mdogo, akalelewa na mapadri wa shirika la Agustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, na hatimaye akarudishwa kutawala mji wa baba yake kwa niaba ya waliomuua. Inasimuliwa kwamba kamanda wa ngome alipata habari kuwa Yusuf alikuwa akienda kusali kwenye kaburi la baba yake. Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni, akamuua kamanda, akaukana Ukristo, na Wareno wengi mjini wakauawa. Kisa kimoja hakitoshi kuthibitisha kanuni, lakini kinatia shaka kubwa juu ya tumaini la kwamba malezi mema yatafuta swali la nani alitenda.

Kumtaja mtendaji, kwa upande mwingine, si kugawa watu kuwa wema na wabaya kwa rangi au dini. Wakati ngome ilipozingirwa, 1696 hadi 1698, maradhi yalipowamaliza Wareno, ulinzi wa ngome ulishikwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza, Mswahili na Mwislamu, dhidi ya Waomani waliokuwa Waislamu kama yeye. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kulibeba hilo, hata likimvurugia mpango. Ni afadhali kuliko kumwachia mchezo wa timu mbili, ambao ataushabikia bila kufikiri.

Sura ya gereza ndiyo hurukwa mara nyingi, pengine kwa sababu haina merikebu wala panga. Nayo ndiyo iliyo karibu zaidi. Waliokuwa watoto Mombasa mwaka 1958, gereza lilipofungwa, baadhi yao wako hai. Kwa sehemu hiyo mtoto hahitaji kibao cha maelezo. Amuulize babu au bibi, na mzazi asimkatize.