Breki Isiyokuwepo

Keti kiti cha mbele kwenye matatu, kando ya dereva. Gari likilikaribia lori kwa kasi, mguu wako wa kulia unakanyaga breki. Breki gani? Haipo. Unajua haipo, na bado unakanyaga, kwa sababu mwili hautaki kukubali kwamba hauna la kufanya.

Huwa tunasema watu hung'ang'ania madaraka kwa sababu ya tamaa. Ni kweli, lakini si jibu lote. Chukua mwenyekiti wa chama aliyekalia kiti miaka mingi. Si lazima awe mwizi. Muulize, atakwambia, "Nikitoka, hiki kitu kitaanguka." Na anaamini! Shida ni kwamba maneno yake hayawezi kupimwa akiwa bado amekaa hapo. Mbaya zaidi, kila mwaka anaokaa anawanyima wengine nafasi ya kujifunza kazi. Siku akitoka, kweli chama kinayumba, na watu wanasema, "Si alituambia?" Utabiri umetimia, na yeye ndiye aliyeutimiza.

Nchi nazo hufanya hivyo. Mwaka 1963 Kenya ilipata uhuru na katiba ya majimbo, yenye mabunge ya mikoa na Seneti. Kabla ya miaka ya 60 kuisha, yote hayo yalikuwa yamevunjwa kwa jina la umoja na maendeleo. Tulingoja hadi Katiba ya 2010 kuleta ugatuzi, na 2013 kaunti 47 zikaanza kazi. Katiba inazihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Bado mabishano kuhusu pesa hizo hayaishi. Lakini usiwahurumie magavana haraka. Kifungu cha 176 kinaitaka kaunti nayo igatue kazi zake, na ni wangapi wanaoilaumu Nairobi mchana, jioni wakiwafungia watu wa wadi mlango uleule?

Kuna atakayesema tumegatua ufisadi tu. Ana hoja. Mamlaka ikishuka, makosa nayo hushuka. Ila kosa lililo karibu linaonekana: zahanati isiyo na dawa unaipita kila siku, na gavana unaweza kumnyima kura baada ya miaka 5. Wakati kila kitu kiliamuliwa mbali, makosa yalikuwepo vilevile. Tulikuwa hatuna wa kumuuliza.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo hunisumbua kidogo, kwa sababu mtoto anaweza kuumia vibaya, na kuna kazi ambazo hazifai majaribio: hakuna anayetaka rubani mwanafunzi akiwa peke yake. Lakini kumnyima wembe hadi awe na mvi pia ni ukatili, tena ule unaoitwa upendo. Kati ya hizo mbili kuna njia: kaa naye, mwonyeshe mpini, kisha toa mkono.

Kutojua kesho itakuwaje kunatisha, na hofu hiyo si dhambi. Swali la maadili ni nani anayeilipia. Mzazi akimchagulia mwanawe kozi ya chuo ili yeye mwenyewe alale usingizi, anayelipa ni mtoto, miaka minne, na pengine maisha yote. Kwa hiyo kabla hujasema "bado hawako tayari," jiulize umewapa nini cha kuwaandaa, na lini utawapisha.