Uniti Zilizoitangulia Bei

Bei ya umeme ilipokaribia kupanda kwa zaidi ya theluthi, tarehe 1 Januari 2014, wako waliojaza LUKU zao, yaani mita za umeme wa kulipia kabla, kabla ya saa sita usiku, kwa kuwa mita ile huhifadhi uniti wala haihifadhi shilingi, na tarakimu 20 zikishaingizwa, bei mpya haizirudii. Je, hiyo ni ihtikari, ile dhambi ya kuficha chakula ili watu wadhikike?

Hapa Narung'ombe, kwa wakulima wa korosho na ufuta ambao hawaoni haya kuweka akiba ya nafaka ghalani, jawabu haliniwii gumu: mhodhi humnyima jirani kitu kilichopo, ilhali uniti ni ahadi tu, umeme wenyewe ukizalishwa saa ile ile utumiwapo, na Mtume mwenyewe, kwa riwaya ya Bukhari, aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Linalonikera ni jingine. Fursa ile humfaa mwenye fedha mkononi, na mjane anunuaye uniti za shilingi elfu moja moja (ndiye, nadhani, ahesabuye taa zake kuliko sote) hukutwa na bei mpya asubuhi ile ile.