Baiti mbili za haraka

Ghala moja la nafaka lilikuwa likipima magunia kwa programu ya zamani ya DOS, iliyoandikwa kwa Turbo Pascal 7. Haikuwa na madirisha wala picha. Unaandika jina lake kwenye mstari wa amri, nayo inaiuliza mizani uzito kupitia kebo, inasubiri nusu sekunde, inasoma jibu na kuchapa stakabadhi. Kompyuta ilipokufa ikaletwa nyingine yenye kasi zaidi, na programu ikagoma kufunguka. Ilitoa kosa namba 200: kugawanya kwa sifuri.

Hakuna aliyegawanya chochote kwa sifuri. Programu za aina hiyo zinazotumia kitengo cha CRT hujipima zinapoanza. Huhesabu kompyuta inazungusha kitanzi mara ngapi katika pigo moja la saa yake, takriban milisekunde 55, kisha hugawanya hesabu hiyo kwa 55 ili zijue milisekunde moja ni mizunguko mingapi. Jibu lina nafasi ya biti 16 tu, yaani lisizidi 65,535. Mwaka 1992, Turbo Pascal 7 ilipotoka, nafasi hiyo ilitosha na kubaki. Prosesa zilipofika megahezi 200 hivi jibu likaanza kufurika, na prosesa hutoa lalamiko lilelile kwa mfuriko na kwa sifuri.

Fundi aliyeitwa alikuwa hodari kweli. Msimbo chanzo ulikuwa umepotea, kwa hiyo alilifungua faili kwa kihariri cha heksadesimali akatafuta B9 37 00 F7 F1. B9 hupakia namba. 37 00 ndiyo 55 yenyewe, baiti ndogo ikitangulia. F7 F1 hugawanya. Alijua pia kwamba huwezi kuchomeka hata baiti moja katikati, maana vyote vilivyo mbele vitasogea na anwani zitapotea. Akabadilisha palepale, 37 00 ikawa FF FF. Kigawanyo kikawa 65,535, jibu likaenea, programu ikafunguka. Akahifadhi juu ya faili lilelile bila nakala, akachukua ujira wake akaondoka.

Lakini ile 55 ilikuwa muda. Kigawanyo kilipokua karibu mara 1,200, kila subira ndani ya programu ilipungua kwa kiasi hichohicho, na nusu sekunde ikawa chini ya nusu milisekunde. Programu ikawa inasoma kabla mizani haijajibu. Jibu lilipofika lilikaa kwenye kumbukumbu ya muda likingoja swali linalofuata. Gunia la kwanza lilisomeka sifuri. La pili likapewa uzito wa la kwanza, la tatu wa la pili. Skrini haikuonyesha kosa lolote, na wakulima wakalipwa kwa mizigo ya wenzao.

Kwa programu kama hii, kiigaji cha DOS kiitwacho DOSBox huweza kupunguza kasi bila kuligusa faili, na hapo ndipo pa kuanzia. Ukilazimika kuhariri, tunza nakala ya asili, kisha uilinganishe na faili jipya kwa amri ya fc /b uone ni baiti zipi hasa zilizobadilika. Na usiridhike kwa kuwa imefunguka. Weka kwenye mizani jiwe ambalo kilo zake unazijua, kisha jingine la uzito tofauti, uzisome stakabadhi zote mbili kabla hujamkabidhi mwenye ghala.