Masaa Tisa KIA



Leo tumwangalie Mtume Paulo akiwa anasubiri. Tumezoea kumwona akihubiri, akipigwa mawe, akivunjikiwa na meli. Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, yuko Athene anawangoja Sila na Timotheo. Ametoka Beroya kwa haraka maana watu walimchafulia hali ya hewa, wenzake wamebaki nyuma, naye ametuma neno wamfuate upesi. Kwa lugha yetu ya leo, Paulo anaunganisha safari.

Sisi tuliosoma falsafa tunaipenda sana sura hii, kwa sababu Waepikuro na Wastoiki wanatajwa humo kwa majina. Tunakimbilia hotuba ya Areopago na kuruka kilichotangulia. Kabla ya hotuba Paulo alizunguka mji. Aliingia sinagogi. Alikwenda sokoni, kila siku, akaongea na yeyote aliyemkuta. Alisoma hata maandishi ya madhabahu iliyowekwa kwa mungu asiyejulikana, kitu ambacho wenyeji walikuwa wanakipita tu. Angejifungia chumbani mpaka Sila na Timotheo wafike, nani angemlaumu?

Nimeirudia sura hii kwa sababu ya ujumbe nilioupata kutoka kwa msomaji wetu mmoja. Anasema: "Frateri, natoka Mwanza, nashuka KIA saa tatu asubuhi, ndege ya Addis Ababa ni saa kumi na mbili jioni. Masaa tisa! Nifanye nini Moshi?" Nikajua anataka kuambiwa mahali pa kunywa kahawa. Nikamjibu vizuri tu. Uwanja wa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971, uko tambarare ya Hai, kati ya Moshi na Arusha, na kufika Moshi mjini ni karibu saa nzima. Anza na Kanisa Kuu la Kristo Mfalme, nilimwambia, hakuna bodaboda asiyelijua. Kaa kidogo mbele ya Sakramenti Kuu. Kisha zunguka sokoni, unywe kahawa ya mlimani, na usikasirike mlima ukijificha. Mchana Kilimanjaro hupenda kujifunika wingu, huonekana vizuri asubuhi na mapema, au jioni.

Mgeni kutoka Songea au Nairobi jibu hilo linamtosha. Lakini yule ndugu akaandika tena, usiku. Kumbe kwao ni Kibosho. Baba yake alifariki mwaka jana, naye hakufika kwenye mazishi, kazi ilimbana. Desemba, Wachagga wote wanapopanda nyumbani, hakwenda. Sasa anaenda nje kusoma, miaka miwili, na mama hajui kwamba mwanae anapita hapo chini ya mlima. "Nikienda nitaonekana nimekuja na begi na kuondoka na begi. Watasema. Bora nikae uwanjani."

Ndugu yangu, tupige hesabu kwanza, maana hofu huwa haijui hesabu. Unatoka uwanjani saa tatu na nusu. Safari ya kimataifa, uwe umerudi saa tisa alasiri. Hapo una masaa matano na nusu. KIA hadi Moshi saa moja, Moshi hadi Kibosho nusu saa au zaidi kidogo, na kurudi vivyo hivyo: matatu yameisha. Weka nusu saa ya foleni na pancha. Yanabaki mawili. Patana na dereva mmoja akusubiri mpaka mrudi, usitegemee daladala siku hiyo.

Masaa mawili ni machache? Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, alihangaika sana na swali la muda, akaona kwamba tunaupima ndani ya roho. Darasani tulibishana juu ya hilo hadi kengele ikalia. Mama hatakaa kupima masaa mawili kwa saa ya ukutani. Atayapima kwa jinsi ulivyoingia mlangoni. Hata masaa yako tisa ya kukaa uwanjani yana uzito wake, na utayabeba mpaka Addis na mbele ya hapo.

Kuhusu watakaosema: watasema. Hata Athene walimwita Paulo mpayukaji, na alipofika kwenye ufufuko wa wafu wengine wakacheka. Waliomwamini walikuwa wachache, Dionisio, mwanamke aitwaye Damari, na wengine kidogo. Siku yako inaweza kwenda hivyohivyo. Shangazi mmoja atanuna, mama atalia, utakula ndizi haraka-haraka, na ukikaribishwa mbege kumbuka una ndege.

Kisha omba upelekwe kwa baba. Uchagani hatuwapeleki wafu wetu mbali. Baba amelala kwenye kihamba chake, kati ya migomba na kahawa, hatua chache kutoka jikoni. Piga magoti pale, usali Raha ya Milele pamoja na mama. Mazishi yalipita bila wewe, kweli, lakini kuwaombea marehemu hakuna tarehe ya mwisho. Hilo ni fundisho la Kanisa, na Wakibosho wamelishika tangu wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1893, miaka mitatu baada ya Kilema. Wale nao walipanda mlima huu kwa miguu kutoka pwani, wewe una gari.

Jambo moja tu nakusihi: mpigie mama leo. Usimfanyie ghafla ya kumshtua mjane. Mwambie saa ya kufika na saa ya kuondoka, zote mbili, asije akawasha moto wa sherehe ya siku tatu.

Amenijibu neno moja, "Nitafikiria." Safari yake ni Jumamosi hii. Nawaombeni, kila mmoja wenu aliyesoma hadi hapa, amtolee fumbo moja la Rozari kabla ya siku hiyo, pamoja na mama yake na marehemu baba yake.